Kadi ya Kitambaa cha Zambarau

Jumatatu, 9 Desemba 2024

Sikukuu ya Uhuru. Cherehani imepumzika, mimi sijapumzika.

Mokami amepiga simu kutoka chuoni Mwanza. Anasema mafundi wa kule, mwaka ukiisha, wanawapa wateja kadi na zawadi ndogo. Nikamwambia binti yangu, hapa Kisaka mtu akipewa kadi anajua ni mchango wa harusi, atakimbia. Amecheka mpaka salio likaisha.

Lakini wazo limenikaa kichwani. Nina mfuko mzima wa vipande, kila nguo niliyoshona mwaka huu imeacha chake. Nimevimwaga mkekani — nikaanza kuwaona watu. Hiki cha sare za kwaya ya watu wazima. Hiki cha Mama Awiti, yule mama wa Sirari anayeuza vitenge mnadani, maua makubwa kama sahani. Hiki cha suruali ya Mzee Wiliam niliyoitia viraka magotini.

Basi nimeamua. Karatasi ya manila nyeupe, gundi, na kwenye kila kadi kigauni au kisuruali kilichokatwa kwenye kitambaa cha mtu mwenyewe. Na zawadi: kishikio cha sufuria cha kitambaa hichohicho, ndani blanketi kuukuu ili mtu asiungue vidole.

Baba Mokami ameuliza, yaani wateja wakulipe halafu wewe uwape zawadi? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi yeye anayenilimia shamba anastahili gunia zima la zawadi. Nimemwambia atashonewa hilo gunia.

Alhamisi, 12 Desemba

Mgongo unauma lakini roho nyeupe. Kadi karibu zote tayari. Zimeegemea ukutani sebuleni kama watoto wanaosubiri kupigwa picha.

Ya Gidion ndiyo imenisumbua, kile kitambaa kinateleza. Zambarau, chenye ndege wa njano. Gidion ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda. Mwezi wa saba alikuja nacho kwenye begi, akachungulia nje kwanza ndipo akafungua. Anataka gauni la Krismasi la mkewe Winfrida, na Winfrida asijue kitu. Vipimo alivileta kwenye kamba ya katani yenye mafundo! Alipima gauni la mkewe likiwa limeanikwa, mke mwenyewe akiwa kisimani. Fundo hili bega, hili kiuno, hili urefu. Nimeshona miaka mingi, sijawahi kuletewa vipimo vya namna hiyo. Nikampenda kijana wa watu.

Gauni limeisha. Limelala ndani ya gunia la ulezi, limefungwa kwenye nailoni, kwa sababu Winfrida huingia kwangu mpaka jikoni. Kadi ya Gidion nitampa mwenyewe akija kulichukua.

Jumapili, 15 Desemba

Mafua yamenilaza. Nimemtuma Baba Mokami na mfuko wa kadi na vishikio kanisani.

Amerudi anacheka peke yake. Mzee Wiliam ameining'iniza kadi yake kwenye kifungo cha koti, anapita nayo kama mtu aliyepewa nishani. Wanakwaya wamevaa vishikio mikononi kama glavu wakapiga makofi navyo. Mama mchungaji amebusu kadi. Watu wameuliza, na sisi ambao hatujashonewa mwaka huu? Akawaambia leteni vitambaa.

Nimefurahi mpaka pua imefunguka.

Halafu nikauliza, na ile ya Gidion iko wapi, maana haikutakiwa kutoka. Akasema, nimempa mkewe. Kwani ningempa nani?

Nimekaa chini.

Jumatatu, 16 Desemba

Winfrida amekuja hata chai haijachemka. Hakusalimia kama siku zote. Kishikio ameweka juu ya cherehani, kadi pembeni yake.

"Mama Mokami, hii nguo ni ya nani?"

Nikajifanya naikagua. Nikasema ni kipande tu.

"Kadi ya Mzee Wiliam ina suruali yake. Ya mama mchungaji ina gauni lake. Hii ina jina la mume wangu na gauni la mwanamke. Mimi sina gauni la zambarau. Nani analo?"

Nilipokuwa nakata vile vigauni nilijiona mjanja sana. Leo ujanja wenyewe umenigeukia.

Sikutaka kumdanganya, na kusema siwezi. Nilimwahidi Gidion. Nikamwambia, mdogo wangu, subiri mumeo aje, muulize yeye. Nikaongeza kwamba hakuna ubaya. Ameichukua kadi.

"Kumbe na wewe unamficha."

Ameondoka. Kishikio amekiacha. Nimempigia Gidion, simu haipatikani. Kule kambini netiweki ni mpaka upande kichuguu.

Jumanne, 17 Desemba

Baba Mokami anasema nimwambie Winfrida ukweli, yaishe. Nikamwuliza, na yule aliyejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa na kamba yake, nimwambie nini? Amekuna kichwa. Akasema kweli hapo pagumu.

Mchana nimesikia kwa jirani kwamba Winfrida anafungasha. Anaenda kwao Susuni na mtoto wake, Krismasi watakula huko. Na akitoka sasa hivi na hasira hizo, ndugu zake watakaa kikao. Kikao kikikaa, jambo dogo litaota pembe.

Nimemkimbilia Jackson, dereva anayepeleka mboga kambini. Nimempa ujumbe wa mdomo: mwambie Gidion mkewe ameona kitambaa, anadhani kuna mwanamke, anataka kuondoka. Jackson alitaka kujua zaidi. Nikamwambia peleka hivyohivyo.

Jumatano, 18 Desemba

Jackson amerudi. Anasema Gidion alimwaga mchuzi aliposikia. Ujumbe wake: Mama Mokami, nakuomba kwa magoti, usimwambie. Nimelingoja hili tangu mwezi wa saba. Bosi ananiruhusu tarehe ishirini na nne. Mshikilie asiondoke.

Mshikilie! Kama ndama.

Lakini Mungu hamtupi mtu. Tangu Jumapili vitambaa vinaingia tu. Kila asiyepata kadi anataka nguo ya Krismasi ili mwakani awemo. Meza imejaa, kitanda cha Mokami kimejaa. Nimetazama ule mlima, nikaenda moja kwa moja kwa Winfrida. Nimekuta begi liko mlangoni. Nikamwambia, nikasirikie baada ya Krismasi, sasa hivi nazama. Vifungo, mapindo, pasi, siwezi peke yangu. Wewe una mkono mzuri. Nisaidie mpaka mkesha, halafu uende unakotaka.

Akauliza, hata sare za watoto wa kwaya hazijaisha? Nikasema hazijaanza. Na ilikuwa kweli.

"Nakusaidia wewe," akasema. "Siyo yeye."

Ijumaa, 20 Desemba

Winfrida anashona mapindo hayaonekani hata ukitafuta. Haongei sana. Lakini kila mwanamke anayeingia kuchukua nguo, yeye anainua macho, anamtazama kuanzia kichwani mpaka kandambili. Anatafuta zambarau. Wateja wameanza kujitazama, wanadhani wamejipaka kitu.

Na gauni lenyewe liko hatua chache nyuma yake, kwenye ulezi. Mimi nafanya kazi kama mtu aliyekalia makaa.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo nimecheka mpaka nimetoka nje.

Mama Awiti alikuja kutoka mnadani kujaribu nguo yake. Kadi yake alishaipata, ameibandika kwenye kibanda chake, anasema wateja wake wa Kenya wanaipiga picha. Ni mama mnene, mcheshi, sauti inafika barabarani. Winfrida alikuwa anamwekea pini kiunoni. Mama Awiti akavuta kitambaa kwenye mkoba, akasema, na hiki unishonee mwezi wa kwanza. Zambarau.

Winfrida pini zikamdondoka. Akakinyakua, akakigeuza huku na huku. Hakina ndege, kina vidoadoa tu. Lakini hakukiachia.

"Mama, unamjua mpishi mmoja anaitwa Gidion?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Awiti akafikiri.

"Mpishi? Mimi na wanaume wapishi hatuwezani kabisa. Wa kwanza wangu alikuwa mpishi kule Migori. Anakufunulia sufuria, anaonja, anatingisha kichwa. Nikamwambia wewe pika, mimi naenda sokoni. Mpaka leo niko sokoni." Halafu akamgeukia. "Dada, unanipima au unanipeleleza?"

Winfrida alijitahidi kujizuia. Akashindwa. Kicheko kimemtoka cha tumboni, amekaa chini katikati ya vipande, anafuta macho. Mama Awiti naye anacheka bila kujua anacheka nini. Mimi nikatoka.

Baadaye tulipokuwa tunakunja nguo, akaniambia taratibu, "Huyo mwanamke nikimpata, sitapigana. Nitamwuliza tu kama Gidion anamwimbia na yeye akiosha vyombo."

Kidogo niseme.

Jumatatu, 23 Desemba

Nusura leo. Nilikuwa namvalisha mtoto wa kwaya, nikasikia Winfrida jikoni anasema, ngoja nisage ulezi wa uji, si uko kwenye gunia? Nimeruka. Nimefika mkono wake uko kwenye kamba ya gunia.

"Uji leo wa mahindi," nikamwambia.

"Tangu lini wewe unakunywa uji wa mahindi?"

"Tumbo."

Amenitazama vibaya, akaenda kwenye debe la unga wa mahindi. Tumekunywa uji wa mahindi wote, na Baba Mokami, ambaye hajui kunyamaza, akasema huu uji mbona kama adhabu.

Sare za kwaya zimeisha. Watoto wamezivaa wakazunguka uwanja wakiimba, kuku wamepanda juu ya paa. Winfrida amesimama mlangoni anawatazama, amejishika mikono. Nilimwona anatabasamu. Halafu akasema kesho akimaliza vifungo vya mwisho ataondoka na gari la mchana.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika nikiwa chumbani, daftari juu ya goti. Winfrida ameomba apumue kidogo. Acha niandike kabla sijasahau yalivyokwenda.

Gari la mchana lilichelewa. Begi lake lilikuwa barazani, mtoto wake amelikalia. Winfrida anakaza kifungo cha mwisho cha shati la Mzee Wiliam, mzee mwenyewe anasubiri kifua wazi. Mara pikipiki. Gidion, vumbi mpaka kwenye kope, bado amevaa suruali ya jikoni ya kambi. Akaniamkia shikamoo, akafika mbele ya mkewe akasimama.

Winfrida hakuinuka. Alikata uzi kwa meno. Akasema, "Mama Mokami amekataa kuniambia. Sema wewe. Ni nani?"

Gidion akanigeukia. "Mama, liko wapi?"

Nikaenda jikoni, nikafungua gunia, nikazamisha mkono mpaka kwapani. Nimelitoa na nailoni yake, punje za ulezi zinamwagika njia nzima. Nikalikung'uta. Zambarau yote ile, na ndege wote wale wa njano, pale barazani.

Mzee Wiliam akasema, loo.

Winfrida hakulishika. "Hili la nani?"

"La mwanamke mmoja," Gidion akasema, "huwa anaanika nguo nyuma ya nyumba yangu." Akatoa mfukoni ile kamba ya katani. Aliitunza! Akashika fundo moja akaliweka kwenye bega la mkewe, akaivuta mpaka fundo la pili bega la upande mwingine. Ikafika sawasawa.

Winfrida alitazama kamba, akanitazama mimi, akatazama gunia. "Uji wa mahindi," akasema. Halafu akajifunika uso kwa shati la mzee na mabega yakaanza kutikisika. Hatukujua analia au anacheka. Nadhani yote. Baba Mokami akampiga Gidion mgongoni, akamwambia, mura, kijana wangu, ungetuua wewe. Mtoto akashuka kwenye begi akaanza kulifungua mwenyewe.

Nikamwingiza Winfrida chumbani akalijaribu. Mabega, safi. Kifua, kwa shida. Nikavuta zipu ya mgongoni, ikafika katikati ya kiuno ikagoma. Nikamwambia vuta tumbo ndani. Akasema amevuta. Nikapitisha mkono kiunoni nione pindo limekamata wapi — na mkono wangu ukajua kabla mimi sijajua. Mimi fundi, siku zote hizi nimekaa naye meza moja na sikuona, maana alikuwa anajifunga khanga juu ya khanga.

Nikamtazama. Akaitikia kwa kichwa. Wana mtoto mmoja tu, yuko darasa la nne, na miaka yote hii watu wamechoka kuuliza wa pili yuko wapi.

"Nilipanga kumwambia Krismasi," amenong'ona. "Halafu kadi yako ikaja."

Nimeuliza, nani mwingine anajua. Hakuna. Hata mama yake Susuni bado.

Nimeshachukua wembe. Ubavuni niliacha nafasi ya kutosha, nikifumua litakaa leo, na kanisani kesho litakaa. Mwezi ujao, sijui. Lakini mkono haujaanza kufumua, kwa sababu Gidion amegonga mlango mara ya pili. Anauliza, limekaa? Mafundo yalikuwa sawa?

Sijamjibu. Safari hii si langu la kujibu.

Winfrida ameinuka kitandani. Gauni liko wazi mgongoni, hajalifunika. Amepiga hatua, ameshika komeo la mlango. Naweka kalamu, atamwambia mwenyewe.