Vidole Vitatu Kutoka Kiganjani

Mama mpendwa,

Kicheko kimoja bado kimenikaa masikioni. Nilikuwa nimeinama chooni kiwandani, nimetapika mpaka machozi, na nje ya mlango mwanamke akacheka, akasema, "We msichana, hiyo si malaria!"

Nimeanza vibaya, hata sijawajulia hali. Mguu wa Baba umepona? Sisi hapa mtaani Landless tu wazima, ila mimba hii changa hainipi raha asubuhi. Uliponiambia kwa simu niache kazi nirudi kwako mpaka nijifungue, nilikuwa karibu kukubali. Kibarua changu kilikuwa kinaisha mwezi huu, nami sikuona nitakavyoomba mkataba nikiwa nakimbilia choo.

Aliyecheka ni Mama Njoki, anayeshona vifungo vya mashati. Alinishika mkono, akapapasa kwa kidole gumba chini ya kiganja mpaka akafika katikati ya kano mbili, akabonyeza. "Vidole vitatu kutoka kiganjani. Finya kabla hujatoka kitandani, kichefuchefu kitapungua."

Nilimdharau kidogo, Mama. Mimi nimesoma. Hata hivyo nilijaribu, mume wangu Wekesa akinipimia. Siku tatu, hakuna kitu. Nikaenda kulalamika.

"Ulipima na vidole vya nani?"

"Vya Wekesa."

"Si huyo ndiye huchomelea mageti? Ngai! Vyake vitatu si vinafika kwa kiwiko! Pima na vyako, mimba ni yako."

Akanishonea kifungo kwenye lastiki, nikivae kikibonyeza mahali penyewe. Wala hakuniahidi miujiza. Katika mimba yake ya kwanza mbinu hii haikumsaidia, alisema, katika ya pili ilimsaidia. Na siku nitakaposhindwa kushika hata maji, nisingoje, niende hospitali. Nesi wa kliniki Ruiru aliniambia vivyo hivyo. Mama Njoki aliachia shule darasa la sita, lakini anajua pale ujuzi wake unapoishia. Wengi wetu tuliosoma hatupajui.

Bado natapika, ila mara moja badala ya nne, na uji unakaa.

Msalimie Baba, na nyanya yangu, Kukhu, asiyeamini dawa za dukani, na mdogo wangu aliyenitandikia kitanda chake. Mwambie akilalie mwenyewe. Jumatatu nilimweleza msimamizi kwamba nina mimba, nikaomba niwe naingia saa tatu. Alivuta karatasi za mkataba, akanipa kalamu. Nimeshatia sahihi mkataba wa mwaka mmoja.

Mwanao,
Nasimiyu