Sufuria Yako na Mimea ya Papa Byamungu

Mama yangu mupenzi,

Goma inakusalimia, na vumbi yake nyeusi ya volkano. Leo nimekula sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa, mupaka nikalegeza mukaba.

Nimemuona Papa Byamungu, jirani yetu wa zamani, yule wa mimea ya vikombe vinavyokula inzi. Sasa anaishi mutaa wa Katoyi. Unakumbuka siku volkano ilipotufukuza? Alibeba mumea wa kike kichwani, na unga wa maua ya ule wa kiume ndani ya kisanduku cha kiberiti. Wa kiume uliungua pamoja na nyumba. Kule kambini Mugunga, wa kike ukatoa maua, akayapaka ule unga kwa unyoya wa kuku. Mbegu zikaota. Vita vingapi vimepita, na kila mara amekimbia na mutoto wa ile ndoa: vikombe vinene kama vya mama yake, vyekundu kama vya baba yake. Hakuna mwingine Kivu nzima.

Nikainama niutazame vizuri. Mama, umepandwa ndani ya sufuria yako kubwa! Ile ile ya mushikio mumoja, iliyopotea kule kambini. Chini ameitoboa kwa musumari.

"Nilikosa pa kupandia mbegu," akasema, macho chini. "Mama yako alikuwa ameenda kuchota maji. Halafu nikaona haya."

Amekupa chipukizi, amelipatia jina lako. Ninakuletea. Lakini shangazi Riziki, uliyemuita mwizi wa sufuria tangu Mugunga, umuombe musamaha kabla sijafika.

Mutoto wako anayekupenda sana,
Safi