Shingo ya Baba na Shingo za Ng'ombe

Mpendwa Baba,

Kwa heshima na taadhima naitangazia familia, majirani wa Kashojwa na wateja wote kwamba gogo lako la kukatia nyama limeota uyoga. Kikao kiliitwa. Hakikufikia uamuzi.

Lakini nakuandikia kwa jambo jingine. Unakumbuka, ile miaka ya themanini, asubuhi kisu kilipokuponyoka na jicho la kushoto likazimika kama taa iliyoisha mafuta, kisha likawaka tena? Nilikupeleka hospitali ya Mbarara. Daktari akakuwekea chombo chake cha kusikilizia shingoni badala ya kifuani.

"Hajji, hapa damu inapiga mluzi. Mshipa umekuwa mwembamba, una ganda la mafuta ndani. Kipande kikibanduka kikapanda kichwani, utapooza."

Akakupa vidonge, akakukataza samli na sigara. Ulinuna njia nzima. Mchinjaji afundishwe shingo!

Kesho yake ulipochinja, ukaupasua mshipa wa shingo kwa urefu.

"Hadija, kuja uone. Ganda iko wapi?"

Nikapitisha kidole. Laini, unateleza. Tukapasua wa fahali, tukapasua wa ng'ombe mzee asiyezaa tena. Wote safi. Nilipenda kuchungulia hata nikasahau kuogopa.

"Kwani wewe ni ng'ombe?" mama akakuuliza.

"Yeye iko na pembe, mimi iko na kofia. Damu ni damu."

Ukajimiminia samli. Vidonge ukampa jirani aliyeumwa jino.

Mvua zilipoanza ulianguka buchani. Mkono wa kulia ulilegea, ukawa unataka kuniambia kitu na mdomo unakataa. Tulikuzika bila mimi kukijua.

Siku hizi nawasumbua wauguzi kwa maswali. Wanasema maganda hayafanani: lipo gumu linalojikalia tu, lipo laini, lenye uvimbe ndani, na hilo ndilo hupasuka. Ati watafiti wanatafuta alama zake kwenye damu, walijue kabla halijapasuka. Nikisikia hivyo mikono inaniwasha, Baba. Hiyo kazi ningeitaka tuifanye sote, wewe na kisu, mimi na kidole.

Lala salama. Nimeuliza pia kwa nini wale ng'ombe wetu walikuwa na mishipa safi. Muuguzi alinijibu bila hata kuinua kichwa: ng'ombe anakula majani.

Binti yako