Picha Namba 418

Jumatatu, 16 Juni

Sijapata kumwambia mtu yeyote. Kila mapumziko ya asubuhi, nikibaki peke yangu katika chumba cha kompyuta, namfungua Mama.

Mimi ndiye mtunza picha wa tovuti ya shule. Kila picha ina namba yake, kila folda ina yake. Mama ni 418, folda 23, Siku ya Wazazi. Amejitanda leso ya manjano, anacheka na mtu asiyeonekana. Ni nani yule? Nyumbani hatuna picha yake hata moja. Bibi husema nyumba yenye picha malaika hawaingii. Mama alipofariki, kabla ya Ramadhani, kitambulisho chake nacho kilirudishwa serikalini.

Jumatano, 18 Juni

Mwalimu Tsofa anasema tovuti imejaa. Folda 23 ifutwe kufikia Ijumaa, picha na vyote vilivyomo. Nikasema ndiyo, mwalimu. Ndiyo! Ulimi wangu huu.

Simu ni marufuku shuleni, flashi ya kunakilia pia. Simu ya Bibi ni ya vitufe, haifungui tovuti.

Alhamisi, 19 Juni

Nilijaribu kwanza kwa picha ya bendera. Nikaihamishia folda nyingine — namba ikabaki ile ile! Kumbe folda ni mahali tu.

Nikamhamisha Mama. Folda 31, Vitabu Vipya, katikati ya kamusi. Angecheka sana.

Faith, mwenzangu wa klabu ya kompyuta, akachungulia.

"Weh, Nusra! Na hiki ni kitabu gani?"

Nikasema nimekosea. Akanitazama, hakuuliza tena. Faith ni mtu wa bara, ana maneno mengi, lakini kunyamaza anajua.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefuta folda 23. 418 ipo.

Jumapili, 22 Juni

Bibi alikuwa akikuna nazi, amenipa mgongo. Akauliza kama ni kweli shule ina picha za wazazi. Ni kweli, Bibi. Akaacha kukuna.

"Na mwanangu yumo?"

Nikaitikia kwa kichwa — na yeye hanioni! Lakini ni kama alisikia.

"Si ya kutundika, mjukuu wangu. Ya kutazama tu."

Jumatatu, 23 Juni

Niliandika 418 kiganjani, ili nikishindwa kusema nionyeshe mkono. Mwalimu Tsofa alikuwa peke yake ofisini. Nikamwamkia. Nikaomba kuchapishiwa picha moja, ya rangi. Ipi? Nikafungua kiganja. Jasho lilikuwa limefuta kila kitu. Akaniuliza kama nimejichafua wino.

Basi nikaketi kwenye kompyuta yake, nikaandika namba, nikampisha aone.

Akainamia kioo. "Lakini Nusra, hii si ilikuwa kwenye ile folda niliyosema ifutwe—"

"Ni mama yangu, mwalimu."

Kwa sauti. Mimi!

Akashika kipanya. Mimi nikachukua karatasi moja safi mezani, nikaiweka kwenye mashine ya kuchapisha, nikasimama kando yake kungoja.