Kula na Kura

Dodoma

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya huu wa miezi minne. Sikuwa mgonjwa, wala posta haikupoteza barua. Niliona haya, na mtu mzima akiona haya husingizia kazi. Mguu wako unaendeleaje? Je, dawa ya hospitali ya Sengerema inakusaidia, au umerudia kuukanda kwa maji ya chumvi? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku linanikausha koo.

Unajua ninachokionea haya. Katika mkutano wangu wa mwisho huko nyumbani ulisimama mbele ya watu wote ukauliza, "Mheshimiwa, tulikupa kula zetu. Sasa kinu cha pamba kikiuzwa, pamba yetu itachambuliwa wapi?" Nami, badala ya kujibu, nikasema, "Ni kura, mama, si kula." Watu wakacheka. Nilikuita mama kana kwamba sikufahamu. Ukangoja kicheko kiishe, ukasema, "Vyote nilikupa, Masalu." Hakuna aliyecheka tena. Nikakimbilia kivuko bila kufika kwako, na baadaye nikasikia kwamba ulikuwa umenipikia.

Ni kweli, dada. Nilipokuwa chuoni Butimba, ulivuka kila mwezi na kikapu cha michembe, ukakaa getini mpaka kipindi kiishe. Viazi ulivyovikausha kwa mikono yako ndivyo vilivyonifanya mwalimu. Ualimu ukanifikisha kwenye udiwani, na udiwani ukanileta bungeni.

Sasa nikujibu swali lako. Nilipokuwa diwani nilidai wanunuzi binafsi waruhusiwe, kwa kuwa pamba yako ililala ghalani misimu miwili ikinyeshewa. Sijutii. Hata habari ya kuuza kinu sikuipinga ilipoanza. Lakini muswada ulio mbele yetu nimeusoma mara nne. Unasema kwamba mnunuzi "anaweza kuendelea kuchambua pamba". Hausemi "ataendelea". Akitaka, atang'oa mashine na kuligeuza jengo kuwa ghala la soda, na sheria itamlinda.

Nilimwonyesha mwenzetu anayesimamia kura za wabunge wa chama chetu. Alikuwa mgahawani akinywa chai.

"Mwalimu, umeanza," akasema. "Neno moja tu?"

"Neno moja."

"Basi lisahihishe kwa kalamu yako nyekundu, kisha ulitie mfukoni. Wiki ijayo tutaitwa jina kwa jina. Ukisema siyo, uchaguzi ujao usijisumbue kuchukua fomu."

Kisha akanisukumia sahani ya maandazi, akasema kwa upole kabisa, "Kula, mzee wangu."

Nilishindwa kula.

Usidhani ninaogopa kukikosa kiti peke yake. Zahanati ya kijiji haijaezekwa, na nikiondoka sasa sijui nani ataikumbuka. Lakini nikisema ndiyo, kisha kinu kikafungwa, nitakutazama vipi? Ulinihoji jambo la maana, nami nikajificha nyuma ya herufi. Sasa herufi hizohizo zimenifuata mpaka humu bungeni.

Msalimie shemeji, mumeo mvumilivu. Msalimie pia binti yetu Ng'washi, katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, ambaye bila shaka ndiye anayekusomea. Ng'washi, usiruke mstari wowote, hata ule unaomwaibisha mjomba wako.

Bunge likiahirishwa nitavuka nije kula kwako. Nimeandika kula, wala sikukosea. Lakini kabla ya hapo, nikishaamua nitakachojibu jina langu litakapoitwa, nitakuandikia siku hiyohiyo, nawe ndiwe utakayekuwa wa kwanza kujua.

Mdogo wako,
Masalu