Jina Wanalolitaka

Baba Mwende mpendwa,

Kikohozi kimekuachilia? Na Mwende, bado anagomea uji? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ningelia, na majirani wa ploti hii ya Makongeni husikia hata kijiko kikianguka.

Unajua vile shirika letu la watoto lilinipandisha cheo, likanipeleka Ruiru kusomea usimamizi. Huko tulifundishwa kwamba mkubwa amwite kila mfanyakazi peke yake, amuulize kazi inamlemea wapi, amsikilize. Nikarudi na moto wangu. Kumbe katika ofisi yetu mtu haitwi peke yake ila siku anayofutwa kazi.

Wa kwanza nilimwita Mama Shiro, yule mama anayetembelea familia za Murera, aliyenifundisha kazi nilipokuja. Aliingia na mkoba wake begani, funguo za kabati mkononi.

"Madam, kama ni kwenda, niambie tu niende. Lakini wale watoto wa Murera usiwape mtu wa haraka haraka."

"Hakuna anayekufuta, mama. Keti. Nataka tu kukusikiza."

Alilia, akacheka, halafu akasema yote. Goti limemkataa. Siku hizi nyumba za mbali anazipigia simu tu, na anaogopa kujulikana. Nikamwahidi maneno hayo hayatatoka mle ndani.

Basi juzi kamati ikaniita. Wafadhili wamepunguza pesa, mtu mmoja lazima aende, nami nitaje jina la yule asiyeweza tena kazi ya kutembea. Haki nimechoka. Nikisema simjui, nadanganya, na watoto wa mbali nao wanahitaji mtu wa kuwafikia. Nikimtaja, nimemuuza mama wa watu kwa maneno yake mwenyewe.

Leo asubuhi Mama Shiro ameniletea chai, nyuma yake wenzake wawili.

"Nimewaambia wasiogope, madam. Wakueleze tu kila kitu, ni mtu wa kuaminika."

Nikawaambia wasiniambie kitu, warudi kazini. Mama Shiro akachukua kikombe cha chai kabla sijainywa, akatoka. Nadhani ameelewa.

Nisalimie mama mkwe na shemeji anayetuangalizia mbuzi. Mwende mwambie viatu viko njiani. Wakikuuliza kanisani habari za cheo changu, sema tu niko salama.

Mkeo anayekuwaza,
Mama Mwende