Safari Yangu Kinywani mwa Haji

Jumapili, Julai 1969. Kipupwe. Baridi ya asubuhi imekaa mpaka adhuhuri, na mimi mwili mzima unaniwaka.

Sitasubiri nitulie ndiyo niandike. Naandika na hasira zangu.

Katibu wa klabu ya vijana Mpendae aliniomba kwa mdomo wake nije kuwaeleza watu ambao hawajapata kusafiri kwa baiskeli waanzeje. Wiki nzima nilijitayarisha: nini cha kubeba, vipi kuziba pancha, vipi kupanda kilima bila ya pumzi kukatika, na vituko vya safari yangu ya Uroa ili wacheke kidogo.

Leo nimefika, akaniambia mbele za watu: "Bi Zuwena, karatasi zako mpe kaka yako Haji azisome. Safari si mlikwenda pamoja? Mambo haya akiyasema mwanamume yanaingia zaidi."

Pamoja! Haji alipata pancha njiani, pale Dunga, akapakia baiskeli juu ya gari la shamba, akarudi mjini. Uroa nilifika peke yangu.

Na Haji akazipokea karatasi.

Akasoma "nilifika magoti yakinitetemeka" kwa sauti ya shujaa. Wakampigia makofi. Mimi nimekaa benchi la mbele, mikono mapajani, kama mgeni.

Mpaka mama mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama," Haji akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mie kwetu Uroa. Ulifikia kwa nani?"

Haji akazipekua karatasi. Hilo sikuliandika.

Nikasimama. "Kwa Bi Mwaka, msuka kamba, nyumba ya pili ukitoka msikitini. Alinikanda miguu kwa mafuta ya nazi."

"Ndiye hasa! Basi aliyefika ni wewe. Hebu tuhadithie."

Katibu akasema muda umekwisha. Nikamwambia muda wangu haujaanza. Nikazitoa karatasi mkononi mwa Haji, nikazungumza mpaka adhana ya magharibi. Walicheka pale nilipotaka wacheke. Wanawake wawili wameniomba niwafundishe kupanda.

Njiani Haji ameniomba radhi.

Lakini lipo jambo siwezi kumtupia Haji wala katibu. Nilikaa kimya karibu nusu saa, nikiisikiliza safari yangu inaibwa.

Yule mama asingeuliza, ningesimama?